Theluji Kinywani mwa Bi Mejumaa

Siku yenyewe naikumbuka ilikuwa Alhamisi, mwanangu, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimeketi barazani kwa Mzee Bakari, pale Mtongwe, upande wetu wa Likoni, barua mkononi, watu watatu wananitazama, na ulimi umenikauka kama kuti. Barua ile ilikuwa inauliza swali ambalo sikupata kulisikia kabla ya siku ile, wala sijalisikia tena mpaka leo.

Lakini ngoja kwanza. Mwenda pole hajikwai, nami kusimulia kwangu, kama kuandika kwangu, ni kwa pole tangu utotoni. Nimesikia kwamba wewe na wenzako mnajitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza, ule wa insha na wa vitabu vya hadithi. Nimesikia tena kwamba kuna daftari linalopita mkono kwa mkono, limejaa sentensi nzuri za kuhifadhiwa. Basi kaa hapa karibu. Mimi nilikuwa na daftari kama hilo, na karibu nimzike nalo mtu aliye hai.

Ilikuwa miaka ile ya arubaini na kitu, vita vikubwa vinakwisha. Nilikuwa darasa la mwisho la msingi, kijana mwembamba mwenye haya, hata mwalimu akiniuliza jina langu nilitazama kwanza vidole vya miguu. Wakati huo vijana wa upande wetu wa maji waliokwenda skuli ya sekondari ungeweza kuwaketisha wote kwenye kitanda kimoja cha kamba. Mlango ulikuwa mtihani, na komeo la mlango ule lilikuwa Kiingereza: uandike insha, kisha ujibu maswali juu ya kitabu cha hadithi tulichosoma mwaka mzima.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Yeremia, mtu wa Rabai, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alikuwa mpole, lakini insha zangu zilimchosha. Alinirudishia akisema neno lile lile: "Salimu, sarufi ni nzuri. Lakini humu ndani hamna mtu."

Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha Kurani, na chuoni aliyehifadhi ndiye aliyejua. Nilikuwa nimehifadhi juzuu nyingi kabla ya ndevu kuota, nikasifiwa, nikalishwa halua. Basi nikadhani Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Nikachukua daftari, nikawa nanakili kila sentensi tamu niliyoikuta: maua yanayongoja umande, jua linalobusu vilima, mioyo myeupe kama theluji. Theluji yenyewe sikuijua. Nilijua tu kwamba Waingereza wanaipenda sana katika vitabu.

Sasa nikueleze habari za Bi Mejumaa. Alikuwa jirani yetu, mjane, kazi yake kushona makuti ya kuezekea. Alikuwa na mwana mmoja tu, Athumani, aliyechukuliwa jeshini, akapelekwa Bama, huko Asia, kupigana na Wajapani. Bi Mejumaa hakujua kusoma, na kaka yake, Mzee Bakari, hakujua pia. Mtaani petu barua nilikuwa naandika mimi. Kila mwezi nilikwenda uani kwake, yeye anashona makuti na kusema, mimi naandika. Nikimaliza, alinisogezea sahani ya muhogo wa nazi.

Ungemsikia alivyokuwa akisema! Bi Mejumaa hakuweza kumtaja mwanawe bila kumtukana kwanza. Ndiyo mapenzi yake yalivyokuwa. "Andika," alikuwa akisema, "wewe Athumani, kichwa dafu, miguu ya korongo, mbuzi wako mweusi amezaa pacha na amekula jamvi langu la kusalia. Sasa nimlee nani, yeye au wewe?" Nami kwa mwaka mzima niliandika hivyo hivyo, kwa sababu sikujua namna nyingine.

Ulipokaribia mtihani, Mwalimu Yeremia alituambia, "Andikeni kila siku, hata mistari mitatu. Asiyefanya mazoezi atashangaa siku ya siku." Karatasi zilikuwa shida wakati ule wa vita. Nikafikiri: mbona kuna barua za Bi Mejumaa? Nikaanza kuziandika kwanza kwa Kiingereza ndani ya daftari langu, nikichomeka sentensi zangu nzuri, kisha nikazigeuza Kiswahili kwenye karatasi ya posta. Yeye alisema habari ya mbuzi na jamvi. Mimi nikaandika: "Mwanangu mpendwa, natumaini barua hii itakukuta katika siha njema kama iniachavyo mimi. Mifugo inastawi. Moyo wangu ni mweupe kama theluji iangukayo kimya juu ya paa letu, nami nakungojea kama ua lingojavyo umande."

Nilijiona bingwa, mwanangu. Nikiisoma peke yangu nilitikisa kichwa kwa utamu.

Na hapo ndipo kosa langu lilipozaa kosa jingine. Bi Mejumaa alikuwa na desturi ya kusema, "Nisomee nisikie." Nilijua akisikia theluji ataniuliza. Basi nikashika karatasi mbele ya macho, nikamsomea maneno yake mwenyewe, kichwa dafu na jamvi na yote, kama alivyoyasema. Kichwa kilichozoea kuhifadhi kilinisaidia kudanganya. Akacheka, akaridhika, akanipa muhogo. Nikaula. Barua mbili zilikwenda Bama namna hiyo.

Haya, turudi barazani. Alhamisi ile Mzee Bakari alituma niitwe. Nilimkuta na dadake, Bi Mejumaa, na jirani mmoja, Bi Mwanakombo, mwanamke wa mizaha, aliyekuwa akishona makuti pamoja naye. Nikawaamkia, wakaitikia. Mzee Bakari akanipa bahasha.

"Barua ya Athumani," akasema. "Safari hii kaniandikia mimi, si mamake. Sijui kwa nini. Soma."

Nikaifungua. Nikapitisha macho mistari ya kwanza, nikashuka mpaka wa chini.

"Mbona kimya?" akauliza Mzee Bakari. "Wino umekauka njiani?"

"Mkono wake... hausomeki vizuri, mzee."

"Ala! Juzi babako alituambia wewe wasoma vitabu vya Kizungu tangu jalada mpaka jalada. Leo mkono wa Athumani umekushinda?"

"Mwache, ana haya," akasema Bi Mwanakombo. "Pengine Athumani ametaja habari za mke huko."

"Kama ni mke na amtaje," akasema Bi Mejumaa. "Soma, mwanangu Salimu. Soma tu."

Nilitamani kufanya kama nilivyofanya uani, nishike karatasi nitunge jingine. Nilikuwa na uwezo huo. Lakini nilikuwa nimekwisha ona mstari uliokuwa chini, na mstari ule haukuwa na nafasi ya uongo tena. Nikasoma:

"Kwa mjomba Bakari, shikamoo. Baada ya salamu, naomba msinifiche. Niambie siku aliyofariki mama yangu. Nimepata barua mbili zisemazo zimetoka kwake. Hazina tusi hata moja. Mama hawezi kunisalimu kwa uzuri namna ile akiwa hai. Na hiyo theluji ameionea wapi? Mwenzangu mmoja wa Ng'ombeni alifichwa hivyo hivyo kifo cha babake, barua zikimjia tamu tamu, mpaka alipokutana na mtu wa kwao akampa mkono wa pole. Wenzangu hapa wamenikalia matanga na kumsomea mama hitima. Vita vimekwisha, na tumeulizwa nani arudi kwao na nani abaki jeshini miaka mingine. Nimetia jina langu katika wanaobaki, kwani nitarudi kwa nani? Majina yanafungwa mwisho wa mwezi ujao."

Wewe ni mtu wa pwani, wajua desturi yetu. Mtu aliye safarini hapelekewi habari ya msiba mbio mbio. Huambiwa wote wazima, wote wakusalimu, mpaka afike nyumbani, akalishwe kwanza, ndipo aelezwe. Ni huruma. Lakini kwa ajili ya huruma hiyo, mtu aliye mbali hujifunza kuogopa barua nzuri. Athumani alisoma theluji yangu akasikia kimya cha kaburi.

Pale barazani nilishusha karatasi. Kisha Bi Mejumaa akauliza polepole, "Bakari, nimekufa?"

"Sijaambiwa," akasema kaka yake.

"Nimekufa, hitima imekwisha kusomwa, nami nashona makuti sina habari!" Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akavuta leso usoni, mabega yakatikisika, nikajua si kicheko tena. "Mwanangu analia matanga peke yake huko porini. Na harudi. Salimu, ulimwandikia nini mwanangu?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikaenda nyumbani mbio, nikarudi na daftari, kwani nilikuwa nimehifadhi barua zote mbili humo kama mazoezi ya mtihani. Nikawageuzia Kiswahili kila neno, la kweli safari hii. Nilipofika kwenye theluji Bi Mejumaa akainua mkono.

"Simama hapo. Theluji ni kitu gani?"

"Ni barafu, Bi Mejumaa. Huanguka kutoka juu, huko Ulaya."

"Na mimi nimekwenda Ulaya lini?"

"Labda baada ya kufa," akasema Bi Mwanakombo.

Mzee Bakari alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitamani baraza ipasuke inimeze. Nikasema, macho chini, "Nisamehe, Bi Mejumaa. Nilitaka maneno yako yawe mazuri. Nilikuwa najifunzia mtihani."

Nilingoja kofi. Badala yake akaniketisha karibu, hata nikasikia harufu ya makuti mabichi mikononi mwake.

"Sikiza, mwanangu," akasema. "Mimi sina maneno mazuri. Nina haya niliyo nayo. Athumani akiyasikia hunijua, kama mtoto alalaye ajuavyo kikohozi cha mamake nje ya mlango. Wewe uliniziba mdomo, ukasema wewe. Na huyo uliyemsema si wewe pia, maana wewe theluji huijui. Basi Athumani alikuwa akisoma barua ya nani? Ya mtu asiyekuwapo. Ndiyo maana akasema mamake hayupo. Kosa si lake. Nguo ya kuazima haisitiri matako, Salimu, hata iwe hariri."

Kisha akakaza leso kiunoni. "Barua imekaa njiani muda gani?"

Nikatazama tarehe. Karibu wiki tatu. Tukakisia njia ya kwenda, tukaona kwamba barua isipovuka maji kesho yake, haitawahi kabla majina hayajafungwa. Mzee Bakari hakucheka tena.

"Chukua kalamu," akasema Bi Mejumaa. "Andika kama ninavyosema. Ukiacha tusi moja, nalijua."

Niliandika mpaka mwadhini akaadhini magharibi. Mkono wangu ni mzito, wewe wajua, na yeye alikuwa akisema kama mvua ya masika. Kila mara nilimwomba arudie, naye akarudia bila kukasirika. Karibu na mwisho akasema sentensi moja iliyonifanya nisimame kuandika, nikajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Utaisikia sasa hivi.

Nilipomaliza hakusema "nisomee." Akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye pindo la leso. "Kesho nitasomewa na mwalimu wako," akasema.

Mwanangu, usiku ule sikula.

Asubuhi alikuja skulini kweli, wakati wa mapumziko. Mwalimu Yeremia alikuwa kwenye kibaraza cha darasa. Wavulana walipomwona Bi Mejumaa wakajaa dirishani, nami nikawa nyuma yao, nimejikunja.

"Shikamoo, mama," akasema mwalimu.

"Marahaba, mwalimu. Nisomee hii. Na tafadhali usinipambie. Nimekwisha kufa mara moja kwa mapambo, ya pili sitaki."

Mwalimu akarekebisha uzi wa miwani, akasoma kwa sauti:

"Wewe Athumani, kichwa dafu, miguu ya korongo, nani kakwambia nimekufa? Mimi mamako Mejumaa ni mzima. Nashona makuti ya watu, na meno mawili ya mbele yametoka, ndiyo tofauti ya mama uliyemwacha na utakayemkuta. Mmenisomea hitima nami nala muhogo. Hiyo sadaka mlikula nini, na mbona hamkunibakishia? Mbuzi wako amekula jamvi langu la kusalia, sasa nasali juu ya gunia. Kovu la goti lako la kushoto ulilipata ulipoanguka na mabungo ya watu uliyoyaiba, ukaniambia ni mbwa kakuuma, nami tangu siku ile najua ni mabungo, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa na njaa. Nenda kwa mkubwa wako ukafute jina. Ukikaa huko mwaka mmoja mwingine, wallahi nitakufa kwelikweli, na safari hiyo usingoje barua. Zile barua mbili usimkasirikie aliyeziandika. Ni mtoto mwema, alikuwa akijifunzia mtihani."

Wavulana waliangua kicheko kwenye kichwa dafu, lakini mwalimu alipofika kwenye mabungo, yale matunda ya wizi, waliacha kucheka. Bi Mejumaa alikuwa akitikisa kichwa kila tusi lilipopita, kama mtu apokeaye vitu vyake vilivyorudishwa. Mwishoni akasema, "Ndiye. Huyo ndiye mimi." Akaichukua barua, akaenda zake feri kuvuka mwenyewe mpaka posta. Hakutaka kumtuma mtu.

Mwalimu akaniita. Nilifika nikitazama vidole vya miguu, kama kawaida.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Nimeandika tu, mwalimu. Maneno ni yake."

"Najua ni yake. Nimekuwa nikikuambia mwaka mzima insha zako hazina mtu. Hii ina mtu. Ningekutana na mama huyu njiani ningemjua kwa barua hii tu. Umeona sasa?" Akavua miwani. "Na tena, Salimu, katika habari hii yote, msomaji bora ni nani?"

Nikasema ni yeye, mwalimu. Akacheka.

"Ni Athumani. Amesoma maneno, akajua: mtu ninayemjua mimi hawezi kusema hivi. Basi hiyo ndiyo karatasi ya pili ya mtihani wako. Ukiulizwa juu ya mtu wa hadithini, usinirudishie maneno niliyoyaandika ubaoni. Rudi kwa kauli yake. Alisema nini? Angeweza kusema nini, na nini hawezi? Msome kama Athumani alivyomsoma mamake."

Tangu siku ile nilijitayarisha kwa namna nyingine. Daftari sikulichoma, maana karatasi ilikuwa adimu. Niliandika kwenye kurasa zilizobaki. Kila siku nilichukua jambo moja nililoliona, fundi akiziba mtumbwi, mamangu akikuna nazi, nikaliandika kwa Kiingereza kifupi, kile nilichokuwa nacho. Kisha nilijisomea yale yaliyoandikwa hasa, siyo yale niliyodhani nimeyaandika. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Na kitabu cha hadithi nilikirudia tangu mwanzo, bila haraka, nikisikiliza nani anasemaje. Wenzangu walinitania kwa muda wote huo. Nikipita, mmoja angeita, "Kichwa dafu!" na wote wakaitikia, "Miguu ya korongo!" Nikazoea. Hata nikaanza kuitikia.

Mtihani ukaja, na jibu la Bama lilikuwa bado halijafika. Nilikaa kwenye dawati na mambo mawili kifuani. Karatasi ya insha ilitaka tuchague: safari ya garimoshi, au mzee mmoja unayemjua. Mwanangu, insha ya garimoshi nilikuwa nayo kichwani yote, nimeihifadhi miezi mitatu kabla, moshi wake, vilima vyake, jua lake la kubusu. Kichwa changu kilianza kuimwaga chenyewe kama juzuu. Niliandika hata neno la kwanza. Kisha nikajiuliza: mimi garimoshi nimelipanda lini? Nikalikata neno lile. Nikaandika juu ya mwanamke ashonaye makuti, anayempenda mwanawe kwa matusi. Wenzangu walijaza kurasa tatu. Mimi ukurasa mmoja na robo, kwa mkono huu mzito, na hakuna neno humo nililoazima.

Karatasi ya kitabu iliuliza kwa nini mwanamke mmoja katika hadithi alikataa zawadi aliyoletewa. Ubaoni tuliandikiwa kwamba ni mwenye kiburi. Nilikwenda kwenye maneno yake mwenyewe, nikaona hakuwa na kiburi, alikuwa na hofu. Nikaandika hivyo, na kwa nini.

Siku kumi na nne baada ya mtihani barua ilifika. Safari hii bahasha ilikuwa ya mamake. Uani kwa Bi Mejumaa palijaa watu, nami nikaisoma nimesimama, kwa sababu hapakuwa na pa kuketi. Athumani alikuwa ameandika:

"Mama, shikamoo. Nimepokea matusi yako yote, sikuacha hata moja. Niliyasoma nimesimama, nikakaa chini, nikayasoma tena. Nimekwenda kwa mkubwa nikamwomba afute jina, siku mbili kabla hayajafungwa. Akaniuliza sababu. Nikamwambia mama yangu amefufuka. Akanitazama sana, akafuta. Narudi. Na yule mtoto, mwambie simkasirikii, lakini nikifika anieleze hiyo theluji."

Bi Mejumaa aliinama akashona kuti moja, likatoka kombo, naye hakulifumua.

Athumani alirudi baada ya miezi, amekonda, miguu ya korongo kweli. Mamake alimpokea kwa tusi jipya ambalo siwezi kulitamka mbele yako.

Wataka kujua habari ya mtihani? Katika Kiingereza, Mwalimu Yeremia alisema darasani mwetu hakuna aliyenipita. Lakini hesabu ziliniangusha, na sekondari sikwenda. Nilipata kazi ya kuandika katika ghala bandarini, nikaifanya mpaka nikastaafu. Sikufichi hayo, kwa kuwa sitaki udhani ninakuuzia dawa. Kusema kweli katika insha si hirizi ya kufaulu. Ni haki ya msomaji wako tu, na ni heshima yako.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno uliyo nayo, hata kama ni machache, hata kama Kiingereza chako ni kifupi, ndiyo mbacha wako, umeulalia na unaujua. Jifunze maneno mapya, ndiyo, kila siku, lakini usiliandike neno mpaka umelijua kwa maana na kwa mahali pake. Andika kidogo kila siku juu ya kitu ulichokiona kwa macho. Ukimaliza jisomee kilichomo karatasini, usijisomee kilichomo kichwani, kwani anayejidanganya hapo ndipo anapowadanganya wengine baadaye. Na kitabu cha hadithi usikihifadhi. Kaa na watu wake kama ukaavyo na majirani, mpaka mtu akisingiziwa neno ambalo si lake uweze kusema, huyu siye. Ukikosea, kiri mapema. Mimi nilisamehewa na mtu aliyekuwa na haki ya kunipiga, na msamaha wake ulinifunza zaidi ya fimbo za chuoni zote.

Nenda kafanye mtihani wako, mwanangu. Mola akutulize moyo unapofungua karatasi, akujaze ukweli wa kuandika na akupe msomaji mwenye kusikia. Na siku utakapokuwa mbali na wanaokupenda, Mwenyezi Mungu ajaalie kila barua yako iwafikie ikiwa na wewe mzima ndani yake.